Kwa Nini Bamba la Chuma Huvunjika Pajani?

Mgonjwa aliyevunjika paja na kufungiwa bamba la chuma mara nyingi huuliza: "Daktari, chuma kina nguvu kuliko mfupa, kwa nini nisikanyage?" Swali hilo lina mantiki, na jibu lake limo katika taaluma ya wahandisi: uchambuzi wa mkazo kwa mbinu ya elementi finiti.

Mkazo ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo linaloibeba. Nguvu ile ile ikipita mahali pembamba, mkazo hupanda. Kwa fimbo iliyonyooka, hesabu hiyo hufanyika kwa kalamu na karatasi. Mfupa wa paja, hata hivyo, umepinda, una uwazi ndani, na ugumu wake haulingani kila mahali. Kwa hiyo mhandisi huugawa, ndani ya kompyuta, katika maelfu ya vipande vidogo vilivyounganishwa kama nyavu za mvuvi. Hesabu ya kila kipande ni nyepesi. Kompyuta huziunganisha zote. Jina "elementi finiti" lilitolewa na Mmarekani Ray Clough mwaka 1960. Mwaka 1972, Brekelmans na wenzake wa Uholanzi waliitumia mbinu hiyo kuchunguza mfupa wa paja.

Anayejifunza mbinu hii huanza na mambo matatu: umbo, linalopatikana kwa picha za CT; ugumu wa kila kitu kilichomo; na mzigo, pamoja na mahali unapoegemea. Kisha hupunguza ukubwa wa vipande hadi jibu lisibadilike tena. Akikosea mzigo, kompyuta itampa picha ya rangi za kupendeza yenye jibu la uongo.

Picha iliyo sahihi hufundisha mengi. Chuma cha pua kina ugumu wa takriban gigapaskali 200, karibu mara kumi ya ganda la mfupa. Mfupa unapokuwa bado na mwanya, mzigo wote hupita katika bamba, na mkazo hukusanyika kandokando ya tundu la skrubu lililo mkabala na mwanya huo. Bamba halivunjiki siku ya kwanza. Huchoka, mfano wa waya unaokunjwa huku na huku hadi ukatike. Mfupa mpya unapokomaa, hupokea mzigo wake, na bamba hupumzika. Kupona, basi, ni mashindano baina ya mfupa unaounga na chuma kinachochoka.

Magongo humpa mfupa muda wa kushinda. Muda huo hutofautiana: wapo wanaoruhusiwa kukanyaga mapema kutokana na aina ya mvunjiko au kifaa walichowekewa. Hivyo mgonjwa asiige ratiba ya jirani yake wa wodini, na mhudumu amweleze sababu pamoja na katazo. Maumivu mapya au mguu kupinda ghafla ni dalili ya kurudi hospitalini bila kuchelewa.