Mwanao Amesomea Ufugaji wa Samaki? Msaidie Kupata Mahali pa Kuzoea Kazi

Hapa Mogitu, chini ya Mlima Hanang, tumezoea ng'ombe, mahindi, ngano na maharage. Samaki kwetu ni kitoweo cha kununua, kinachotoka Ziwa Basotu au Babati. Kwa hiyo kijana anaposema anataka kusomea ufugaji wa samaki, wazazi wengi hushangaa. Anapomaliza chuo, mshangao hugeuka kuwa wasiwasi. Cheti kimo sandukuni, lakini kila anapoomba kazi huulizwa, "Umewahi kufanya wapi?"

Mama mpendwa, swali hilo si la kumkomoa kijana. Sisi wauguzi hatukabidhiwi wagonjwa kwa sababu tu tumefaulu mtihani. Kwanza tunafanya kazi wodini, chini ya macho ya waliotutangulia. Samaki nao ni viumbe hai, na usiku mmoja wa maji mabaya unaweza kuua bwawa zima pamoja na akiba ya mwenyewe.

ANAJIFUNZA NINI BWAWANI?

Kwanza atazoea kuamka alfajiri, maana huo ndio wakati oksijeni hupungua sana majini. Samaki wakipanda juu kuhema, aliyezoea huongeza maji safi mara moja na kusimamisha kulisha. Atapima uzito wa samaki wachache kila baada ya muda ili ajue kiasi cha chakula, kwa kuwa chakula ndicho kinachomaliza fedha za mfugaji.

Atajifunza pia kutofautisha sato dume na jike. Sato huzaana mapema, na bwawa likijaa vifaranga wote hudumaa. Ndiyo maana wafugaji wengi hupenda madume, ambayo hukua haraka zaidi.

Tena ataelewa jambo linalotuhusu sana sisi wa nyanda za juu: sato hustawi katika maji ya vuguvugu, nyuzi joto 25 hadi 30. Kwenye baridi hukua polepole. Kijana aliyefanya kazi hiyo kwa mikono yake ndiye atakayeweza kumshauri jirani achimbe bwawa wapi, au asichimbe kabisa.

AULIZIE WAPI?

Kama bado yuko chuoni, aanze na walimu wake. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, una kampasi Mbegani karibu na Bagamoyo, Nyegezi jijini Mwanza, na Kibirizi huko Kigoma. Walimu huwafahamu wafugaji wengi.

Kama amekwisha maliza, aende Katesh kwa afisa uvuvi wa wilaya, aulize nani anafuga na nani anahitaji msaidizi. Kwetu mabwawa ni machache, hivyo huenda akalazimika kusafiri. Serikali ina vituo vya kukuza viumbe maji, kama Kingolwira mkoani Morogoro na Ruhila huko Songea. Ziwa Victoria nako kuna ufugaji wa vizimba. Mnamo Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti na vizimba kwa mkopo, na wenye vizimba wanahitaji watu wa kulisha, kulinda na kuvua.

Barua yake iwe ya ukurasa mmoja. Asiandike kwamba anaomba "kazi yoyote". Aseme anachoweza kufanya, anachotaka kujifunza na muda atakaokaa, tuseme miezi mitatu. Aambatanishe barua ya utambulisho ya kijiji au ya kanisa.

MASWALI YA MZAZI

Kabla hujamfungia mzigo, uliza haya:
1. Nani atamsimamia na kumfundisha?
2. Atalala wapi, na chakula ni juu ya nani?
3. Je, kuna posho? Kama hakuna, kujitolea huko kunaisha tarehe gani?
4. Akiumia, nani atamtibu?
5. Akimaliza, atapewa barua inayoeleza kazi alizofanya?

Majibu yaandikwe. Wapo vijana wanaobeba magunia ya chakula cha samaki mwaka mzima kwa jina la mafunzo, bila kufundishwa lolote. Huko ni kunyonywa, na mzazi ana haki ya kumwita mwanawe arudi nyumbani.

Kwa binti, ongeza uangalifu. Katika baadhi ya fukwe za Ziwa Victoria, hasa upande wa Kenya, imejulikana kwa miaka mingi kwamba wanawake hudaiwa ngono ndipo wapate samaki. Mweleze bila kuficha, na umhakikishie kwamba akitakwa jambo kama hilo aondoke siku hiyohiyo, na nyumbani hatalaumiwa. Mtafutie familia ya kukaa nayo. Akina mama wa usharika wa huko wanaweza kusaidia.

AFYA YAKE

Maji baridi yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho, na minyoo yake hupenya kwenye ngozi. Avae mabuti ya mpira, afyeke majani kando ya bwawa, na asikojoe wala kujisaidia humo. Akiona damu kwenye mkojo au choo, aende kupimwa. Dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu. Miiba ya kambale huchoma vibaya, kwa hiyo ahakikishe amechanjwa pepopunda. Kwenye kizimba avae jaketi la kuokolea, hata kama anajua kuogelea.

Mwisho, mnunulie daftari. Kila jioni aandike alicholisha, samaki waliokufa, hali ya maji na alichofundishwa, na kila mwezi msimamizi atie sahihi. Siku atakapoulizwa tena, "Umewahi kufanya wapi?", ataliweka mezani pamoja na cheti chake.