Vipuri duni vya magari

Vipuri duni vya magari (pia: spea feki, ingawa maneno haya hayana maana moja) ni vipuri ambavyo haviwezi kufanya kazi yake kwa usalama au kwa muda unaotarajiwa. Nchini Tanzania suala hili hujitokeza zaidi jijini Dar es Salaam, ambako biashara ya vipuri imejikita Kariakoo, Gerezani na Shaurimoyo katika wilaya ya Ilala. Huwagusa hasa wenye magari wanaojitengenezea wenyewe nyumbani au kumwita fundi uani, kwa sababu hapo mnunuzi ndiye anayechagua kipuri, na ndiye anayebeba hasara kikiharibika.

Aina za vipuri

Katika mazungumzo ya kawaida kila kipuri cha bei nafuu huitwa "feki". Kwa kweli kuna makundi manne:

- Vipuri halisi: vinauzwa kwa jina la kampuni iliyotengeneza gari.
- Vipuri mbadala: vinatengenezwa na kampuni nyingine kwa jina lake yenyewe. Ubora wake hutofautiana sana. Kampuni za Japani kama Denso na KYB huviuzia viwanda vya magari vipuri, na pia huviuza madukani kwa majina yao. Plagi ya Denso si bandia kwa sababu tu boksi lake halina nembo ya Toyota.
- Vipuri vya mtumba: vimefunguliwa kutoka kwenye magari yaliyotumika, na vingi huagizwa kutoka Japani na Falme za Kiarabu. Mara nyingi ni halisi, lakini umri wake haujulikani.
- Vipuri bandia: vimewekewa jina na nembo ya kampuni ambayo haikuvitengeneza.

Kwa hiyo kipuri kisicho halisi si lazima kiwe duni, na kipuri duni si lazima kiwe bandia. Mnunuzi anayetazama nembo pekee anaweza kukataa kipuri mbadala kizuri na kununua cha bandia.

Soko la Dar es Salaam

Magari mengi ya binafsi nchini ni ya Kijapani yaliyotumika, yanayoingia kupitia Bandari ya Dar es Salaam. Aina kama Toyota IST, Vitz, Corolla na Noah ni nyingi barabarani, hivyo vipuri vyake huhitajika kila siku. Mahitaji hayo makubwa huvutia wauzaji wa vipuri vizuri na vibovu pia.

Duka moja huweza kuwa na madaraja kadhaa ya kipuri kilekile, kila moja kwa bei yake. Mnunuzi mgeni mara nyingi hupelekwa dukani na winga, yaani mtu wa kati ambaye faida yake ni "cha juu" kinachoongezwa kwenye bei. Fundi anayetumwa kununua naye huweza kupata cha juu. Kwa sababu hiyo bei kubwa haithibitishi ubora. Ila bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine yote kwa kipuri kinachodaiwa kuwa halisi ni dalili ya kutia shaka.

Madhara

Uzito wa tatizo hutegemea kazi ya kipuri. Kifuniko cha taa kisichokaa sawa ni kero, lakini pedi ya breki inayobanduka kwenye bamba lake la chuma inaweza kuua. Vipuri vya hatari zaidi ni vya breki, usukani na miguu ya gari, kama vile pedi, mipira ya breki, boljointi na tairodi.

Vipuri vingine huharibu polepole. Filta ya oili yenye karatasi dhaifu hupitisha uchafu hadi kwenye beringi za injini. Filta ambayo vali yake ya mpira haishiki huruhusu oili kurudi chini gari likizimwa, na injini huwaka ikiwa kavu kwa sekunde chache kila asubuhi. Katika maeneo ya pwani kama Feri na Kigamboni, hewa ya chumvi huharakisha kutu kwenye vyuma visivyopakwa vizuri.

Kutambua kabla ya kununua

Njia rahisi ni kwenda dukani na kipuri cha zamani na kukilinganisha na kipya: uzito, unene, nafasi za matundu, nyuzi za bolti na umaliziaji wa kingo. Namba ya chesisi ya gari husaidia kupata namba sahihi ya kipuri.

Vipuri vya Toyota kwa kawaida huwa na namba yenye tarakimu au herufi kumi, katika mafungu mawili ya tano. Fungu la kwanza huonyesha aina ya kipuri: 04465 ni pedi za breki za mbele, 17801 ni filta ya hewa, na 90915 hutumika kwa filta nyingi za oili. Namba iliyo kwenye boksi inapaswa kulingana na kilichomo ndani. Boksi lenye maandishi yaliyokosewa au nembo iliyofifia ni dalili mbaya, lakini boksi zuri si uthibitisho, kwa kuwa maboksi nayo huigwa.

Ukaguzi wakati wa kufunga

Kipuri kinaweza kukaguliwa nyumbani kabla ya kufungwa. Beringi huzungushwa kwa mkono. Ikikwaruza au kukwama haifai. Pedi ya breki hutazamwa kama ina nyufa au uwazi kati yake na bamba. Plagi yenye kizuizi cha ndani hupimwa kwa mita ya umeme, na kwa kawaida huonyesha takriban kilo-omu 5.

Kipuri kisichoingia vizuri hakipaswi kulazimishwa kwa nyundo wala kuchongwa kwa tupa, kwani kikishachongwa ni vigumu kurudishwa dukani. Baada ya kufunga pedi, pedali hukanyagwa mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla gari halijasogezwa, kisha breki hujaribiwa kwa mwendo mdogo mahali pasipo na watu. Baada ya kubadili filta ya oili, taa ya oili inapaswa kuzimika sekunde chache baada ya injini kuwaka; isipozimika, injini huzimwa mara moja. Kipuri cha zamani kilicho kizima hutunzwa hadi kipya kithibitike.

Sheria na haki za mnunuzi

Bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Viwango vya ubora husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa 1975.

Risiti nyingi huandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Maneno hayo hayamwondolei muuzaji wajibu wa kutoa kitu alichokitaja. Hata hivyo mnunuzi asiye na risiti ya mashine ya EFD inayotaja kipuri hana ushahidi wa kutosha. Risiti, boksi na picha za kipuri kabla ya kufungwa ndivyo vinavyosaidia dai lake, na aliyenunua kupitia winga anahitaji pia kujua duka lililomuuzia.

Nchi jirani

Hali kama hiyo ipo katika masoko ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na soko la Kiseka jijini Kampala. Kenya ilitunga sheria maalumu dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008.

Tazama pia

- Breki
- Kariakoo
- Injini