Ujumbe wa Simu na Jalada la Shauri: Nafasi ya Kiswahili katika Kuunganisha Programu za Ofisi ya Wakili, Nachingwea na Ruangwa

1.0 Utangulizi

Kwa mkulima wa korosho wa Nachingwea au Ruangwa, mkoani Lindi, mwenye shauri la shamba, safari ya kwenda kwa wakili ina gharama ya nauli na ya siku ya kazi. Kwa sababu hiyo habari nyingi baina ya mteja na wakili hupita katika simu, hasa kwa programu kama WhatsApp: picha ya hati ya wito, swali kuhusu tarehe, sauti iliyorekodiwa yenye maelezo marefu. Kwa upande wa pili, ofisi ya wakili inayotumia kompyuta huweka majalada, kalenda ya mahakama na hesabu za ada katika programu ya usimamizi wa mashauri. Katikati huketi karani, ambaye husoma ujumbe na kuunakili kwa mkono.

Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo ya kunakili inavyoweza kuachiwa mashine. Hoja yake kuu ni kwamba ugumu wa kuunganisha programu hizo umo zaidi katika lugha kuliko katika mitambo, na kwamba kosa dogo la kutafsiri saa au neno moja laweza kumpotezea mtu shamba.

2.0 Usuli

Mambo mawili yamelipa suala hili uzito. Kwanza, kanuni za mwaka 2018 kuhusu kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki (Tangazo la Serikali Na. 148) ziliweka utaratibu ambao waraka uliowasilishwa kabla ya saa sita usiku, kwa saa za Afrika Mashariki, huhesabiwa kuwa umewasilishwa siku hiyo. Pili, Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa lugha ya Mahakama za Mwanzo, ilhali kumbukumbu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, programu nyingi za ofisi za mawakili zimeundwa nje ya Afrika Mashariki, kwa kudhani kwamba mtumiaji ataandika Kiingereza na kuhesabu saa kuanzia usiku wa manane.

3.0 Jinsi kiungo kinavyofanya kazi

Kiungo baina ya programu mbili hupitia hatua tano. Ujumbe unapoingia, programu ya mawasiliano huupeleka kwenye kompyuta ya ofisi pamoja na namba ya mtumaji na muda wa kutumwa. Hatua ya pili ni utambuzi: namba hulinganishwa na daftari la wateja. Ya tatu ni uainishaji: je, ni swali, waraka, au habari mpya? Ya nne ni uhifadhi: nakala hutiwa katika jalada linalohusika na karani huarifiwa. Ya tano huenda kinyume: kalenda ya mashauri humtumia mteja ukumbusho siku kadhaa kabla ya shauri kutajwa au kusikilizwa.

Kwa huduma ya kibiashara ya WhatsApp, ofisi inaweza kujibu kwa maneno huru ndani ya saa 24 tangu mteja alipoandika mara ya mwisho. Baada ya hapo, ujumbe unaoanzishwa na ofisi sharti ufuate kiolezo kilichoidhinishwa mapema. Sharti hili lina faida kwa mwanalugha, kwa kuwa linailazimisha ofisi kuchagua maneno yake kwa makini mara moja, kabla ya kuyatuma kwa wengi.

4.0 Vikwazo vya lugha

4.1 Saa na siku

Ichukuliwe kwamba mteja ameandika: "Karani wa mahakama kasema Alhamisi saa 3." Kwa msemaji wa Kiswahili hakuna utata, ni saa tatu asubuhi. Programu ya kigeni itaandika saa 3:00 ya Kizungu, na kwa kuwa ofisi hazifunguliwi alfajiri, pengine itakisia alasiri. Ukumbusho utakaotoka hapo utamwita mteja saa tisa alasiri, saa sita baada ya jina lake kuitwa barazani. Mdai asipotokea shauri lake laweza kufutwa, na kuomba lirudishwe kunataka sababu za kuridhisha pamoja na gharama mpya.

Siku nayo ina matata yake. Katika hesabu ya zamani ya pwani, siku huanza jua linapotua. Hivyo "usiku wa Ijumaa" ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kalenda ya kompyuta hubadili siku saa sita usiku, na kwa kalenda hiyo usiku huo ni wa Alhamisi. Panapokuwa na kikomo cha kuwasilisha waraka, tofauti hiyo ni ya siku nzima.

4.2 Majina na undugu

Mtu mmoja huweza kuwa na jina moja katika kitambulisho, jingine katika daftari la chama cha ushirika, na la tatu, kama "Mama Fulani", katika simu. Aidha, simu moja huweza kutumiwa na watu kadhaa wa nyumba moja. Kwa hiyo namba ya simu hutambulisha kifaa, haitambulishi mtu.

Ugumu huzidi katika mirathi. Wamwera, ambao ni wenyeji wengi wa eneo hili, kwa jadi hufuata ukoo wa mama, na mjomba ana nafasi kubwa katika mambo ya ukoo. Ujumbe usemao "mama amefariki" waweza kumhusu mama mzazi au mama mdogo. Programu yenye nafasi ya "mzazi" na "mtoto" pekee haina mahali pa kumweka mjomba na mpwa wake, na itakayemweka katika nafasi ya mzazi itakuwa imetunga nasaba ambayo haipo.

4.3 Istilahi

Mteja akiandika "kesi imefutwa", huenda shauri limetupwa, limeondolewa kwa kasoro ya kisheria, au limeondolewa na mdai mwenyewe. Katika mazungumzo neno hilo moja hutosha. Katika sheria matokeo hutofautiana. Shauri lililoondolewa kwa kasoro kwa kawaida laweza kufunguliwa upya baada ya kurekebishwa, ilhali uamuzi uliomaliza haki za pande zote hudai rufaa. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ina kikomo cha siku 30. Mashine inayokisia maana isiyo sahihi huanza kuhesabu siku zisizohusika, au haihesabu kabisa.

5.0 Kanuni ya mwelekeo

Kutokana na hayo, yafaa kiungo kifuate kanuni moja: tarehe, saa na matokeo ya shauri yatoke katika jalada kwenda kwa mteja, wala yasiingie katika jalada kutoka katika ujumbe bila mkono wa mtu. Linaloingia liwekwe alama ya "halijathibitishwa" hadi karani alilinganishe na hati ya wito au kumbukumbu ya mahakama.

Ujumbe unaotoka nao uandikwe kikamilifu: "Shauri lako litatajwa Alhamisi, tarehe 14 Mei, saa 3:00 asubuhi." Kompyuta itunze 09:00 ndani yake na kuondoa sita inapomwandikia mteja. Mteja aombwe kuirudia siku na saa kwa maneno yake, kwa sababu jibu la "sawa" halithibitishi kwamba ameelewa.

6.0 Siri na ushahidi

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 haikubali ujumbe wa kielektroniki ukataliwe kama ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Katika kuupima, mahakama hutazama jinsi ulivyotungwa, ulivyotunzwa na jinsi mtumaji alivyotambuliwa. Kwa hiyo muhtasari wa mashine usichukue nafasi ya ujumbe wa asili. Sauti na picha zitunzwe kama zilivyoingia. Vilevile, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu kila anayekusanya habari za watu. Kwa kuwa simu yaweza kusomwa na jirani au na mdaiwa mwenyewe, ukumbusho utaje siku na saa tu, usitaje madai.

7.0 Hitimisho

Nachingwea inaukumbuka mpango wa karanga wa miaka 1947 hadi 1951. Reli ya kutoka Mtwara ilijengwa kabla ya kuhakikishwa kwamba ardhi ingetoa mzigo wa kuibeba, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. Kiungo cha programu nacho ni njia tu. Kitamfaa mkulima wa Ruangwa iwapo wanaokijenga wataanza kwa kuuliza yeye husemaje saa, siku na jamaa zake. Kazi hiyo ya kuuliza ni ya wanalugha kama ilivyo ya mafundi wa kompyuta.