Nani Aliyezungumza Nyumbani kwa Karen Blixen?

Tangu mwigizaji Robert Redford afariki dunia mnamo Septemba 2025, filamu ya Out of Africa imerudi vinywani mwa watu, na hapa Eldoret, miongoni mwa walimu na wanafunzi ninaokutana nao, imerudi pamoja na ubishi wake wa zamani. Filamu hiyo, iliyoongozwa na Sydney Pollack na kutolewa mwaka wa 1985, ilitunukiwa tuzo 7 za Oscar. Inasimulia maisha ya mwandishi wa Kidenmark, Karen Blixen, tangu ndoa yake na Bror Blixen mwaka wa 1914 hadi alipopoteza shamba lake la kahawa karibu na vilima vya Ngong na kurejea kwao mwaka wa 1931.

Wako wanaoitazama kama kisa cha mke aliyedhulumiwa. Mali ni ya ukoo wa Karen, cheo cha ubwanyenye ni cha Bror. Mke amefika akitarajia kufuga ng'ombe wa maziwa, kumbe mume amekwisha kuamua, bila ya kumshauri, kwamba fedha zitatiwa katika kahawa. (Katika wilaya hizi zetu, ambako maziwa ndiyo yanayolipa karo, sehemu hiyo huzua kicheko na hasira kwa wakati mmoja.) Kisha mume anamwambukiza kaswende. Wanafunzi wa kike hawamsamehei Bror hata kidogo, na wengi wao hawamsamehei Denys Finch Hatton pia, yule mwindaji aliyependwa sana na Karen lakini asiyetaka kufungwa na ndoa. Wanaume nao hujibu kwamba Karen alimpenda kwanza Hans, pacha wa Bror, na alipomkosa akamchukua ndugu. Basi dhuluma iko wapi, huuliza, ikiwa wote wawili waliingia katika ndoa kama watu waingiao sokoni?

Mwalimu mmoja wa historia alinilalamikia kwamba filamu inaonyesha arusi ikifanyika katika klabu ya Muthaiga, Nairobi, ilhali wawili hao walioana Mombasa tarehe 14 Januari 1914. Kosa hilo halinikoseshi usingizi. Msanii ana ruhusa ya kuhamisha arusi.

Kundi la pili halishughulikii ndoa kabisa. Linauliza shamba lile lilikuwa la nani kabla ya Karen kuliita lake. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alimkosoa Blixen kwa ukali kwa namna alivyomfananisha mpishi wake na mbwa. Insha yake imo katika kitabu cha Moving the Centre cha mwaka wa 1993. Katika mji ambao wazee bado wanauita Sisibo, kwa sababu ya nambari 64 ya kiwanja walichogawiwa walowezi, swali la ardhi haliwezi kuachiwa vitabu peke yake. Wapo pia wanaosema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba filamu ilituletea watalii, na kwamba nyumba ya Karen ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 1986. Hilo ni kweli, wala halihitaji mjadala mrefu.

Mimi ni mtu wa isimu, na linalonitatiza ni jingine. Pande zote hizi hubishana juu ya nyumba ile kana kwamba waliokuwa wakizungumza ndani yake ni Wazungu watatu tu. Filamu ndiyo iliyotuzoeza hivyo. Mume na mke wa Skandinavia wanaongea Kiingereza. Meryl Streep anakipamba kwa lafudhi ya Kidenmark, Redford anaigiza Mwingereza wa tabaka la juu kwa lafudhi yake ya Kimarekani, na hakuna anayeshtuka. Lakini Farah Aden, Msomali aliyesimamia nyumba hiyo miaka yote, anapewa Kiingereza cha sentensi fupi fupi, cha mtu anayetafuta njia gizani. Kiswahili nacho kinapita mbali, kama sauti ya ndege.

Hebu tumsikilize Blixen mwenyewe. Katika kitabu chake cha baadaye, Shadows on the Grass, anaeleza kwamba Farah alikijua Kiingereza vizuri na Kifaransa kwa ufasaha, kwa kuwa ujanani aliwahi kutumika katika manowari ya Wafaransa. Alikuwa na vijineno vyake vya pekee, kwa mfano neno la Kiingereza lenye maana ya "barabara" alilitumia pale alipokusudia "isipokuwa". Karen hakumsahihisha, yeye mwenyewe akaanza kusema hivyo. Wanaosoma lugha wanajua maana ya jambo hilo. Watu wawili huazimana makosa ya matamshi na maneno pale tu wanapokaa pamoja kwa muda mrefu na kusikilizana kwa dhati. Ndoa ya Bror ilikwisha kwa talaka mwaka wa 1925. Mazungumzo ya Karen na Farah yaliendelea hadi siku za mwisho za shamba.

Ndiyo sababu watazamaji hugawanyika vibaya katika tukio la kuagana. Karen anampa Farah dira aliyopewa na Denys, kisha anamwomba alitamke jina lake, maana muda wote amekuwa akimwita "Msabu". Wengine hutokwa na machozi. Wengine hunung'unika: miaka kumi na saba kupita ndipo mtumishi aruhusiwe kutaja jina? Neno hilo lenyewe ni la ajabu. Limetokana na "memsahib" ya Wazungu wa Bara Hindi, ambamo sahib ya Kiarabu ilikwisha kupata maana ya bwana mkubwa. Sisi tunayo sahib hiyohiyo tangu zamani, nayo ni sahibu, yaani rafiki. Walioligeuza likawa "Msabu" wakalitia katika ngeli ya watu, pamoja na mgeni, mtoto na mzee.

Kiswahili ndicho alichotumia Karen kuzungumza na wafanyakazi wake wa shambani. Katika Out of Africa, kitabu chake cha mwaka wa 1937, anasimulia alivyowatungia vijana mistari ya Kiswahili yenye vina walipokuwa wakivuna mahindi. Mwanzoni vina viliwachekesha. Baadaye wakamwomba aseme tena, aseme kama mvua. Mlowezi ndiye aliyekuwa akibahatisha maneno siku ile, na wenyeji ndio waliokuwa wakiyapima. Ningependa mwongozaji wa Kenya atupigie picha za shamba hilo la mahindi, kwa Kiswahili kitupu, na Farah awe amesimama kando akicheka kwa Kifaransa.