Mweru: Ukimpa mtoto jina, umejipa na wewe

NCHELENGE, Zambia – Kwenye mialo ya Kabuta, kando ya Ziwa Mweru, mwanamke anayepima chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa hili, mara nyingi haitwi kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake. Anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mtoto akiwa Chanda, mama ni BanaChanda na baba ni BashiChanda. Mnunuzi anayevuka kutoka Kilwa au Pweto, upande wa Kongo, atamwita Mama Chanda kwa Kiswahili, atamhifadhi hivyo kwenye simu, na mzigo akiuchukua kwa mali kauli, deni litaandikwa kwa jina hilo.

Ndiyo maana suala la jina la kifungua mimba si dogo kwa mfanyabiashara wa pwani hii. Jina atakaloitwa mtoto ndilo mama atakaloitwa sokoni mpaka uzeeni. Na siku hizi wazazi vijana wanaotafuta jina lisilochosha wanageukia nyuma, kwenye majina ya bibi na babu.

Kwa nini majina hayo yalionekana kuchakaa? Mulenga, Mwansa, Bwalya, Chilufya na Mutale hayakuanza kama majina ya ukoo. Yalikuwa majina ya mtu mmoja mmoja, na karibu yote yalifaa kwa mwanamke na mwanamume vilevile. Mwanamke wa Chinsali aliyeanzisha Kanisa la Lumpa miaka ya 1950, Alice Lenshina, alikuwa Mulenga. Rais Michael Sata alikuwa Chilufya. Kisha shule za misheni na rejista za migodi ya Copperbelt zikataka kila mtu awe na jina la ubatizo mbele na jina la baba nyuma. Mary akakaa mbele, Mwansa akasukumwa nyuma, na huko nyuma akaganda. Baadaye wakaja akina Gift, Memory na Precious.

Sasa Mwansa anarudi mbele. Ila mtu asichanganye mambo mawili. Mapalo, yaani baraka, Lubuto, yaani mwanga, na Natasha, ambalo masikioni mwa mgeni ni la Kirusi lakini kwa Kibemba ni "nimeshukuru", ni majina mazuri na yanapendwa. Hayo lakini ni maneno ya kawaida yaliyofanywa majina. Humhitaji mzee yeyote ili kuyachagua. Jina la kale lenyewe ni jingine, kwa sababu lina mwenyewe.

Wabemba wanaliita ishina lya mutoto. Msomaji wa Kiswahili asidanganyike: mutoto hapa si mtoto, ni kitovu. Ni jina ambalo mtoto anapewa mara baada ya kuzaliwa, la jamaa aliyetangulia, ambaye mzimu wake unaaminika kuja kumlinda. Mtaalamu wa mila Audrey Richards, aliyeishi na Wabemba miaka ya 1930, aliandika habari zake. Hapo wazee ndio wenye kauli. Jina linatajwa kwa kumkumbuka mtu fulani, na mzazi anaweza kujikuta akimwita mwanawe "baba" kwa heshima ya babu aliye wajina wake.

Katika bonde la Luapula jambo hili linakwenda mbali zaidi. Mtu akifa, ndugu anaweza kurithishwa jina lake pamoja na nafasi yake katika ukoo: kuanzia hapo waliokuwa wajomba wa marehemu ni wajomba zake, na wajukuu wa marehemu ni wajukuu zake. Ian Cunnison, aliyefanya utafiti huku mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuchapisha kitabu mwaka 1959, alishangazwa na namna wazee walivyosimulia mambo ya watangulizi wao wa zamani sana kwa kusema "mimi". Mimi nilivuka mto, mimi nilipigana. Jina lilikuwa mtu yule yule akiendelea.

Kwa hiyo anayechukua jina la kale kwa kuwa linasikika vizuri tu, anaweza kuchukua na asichokijua. Mfano mwepesi ni Chola. Ni fupi, ni tamu, linatamkika Lubumbashi na Mbeya bila shida. Lakini kwa desturi ni jina la mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Mwite Chola mtoto asiyetanguliwa na mapacha, na kila mzee mwaloni atakuuliza mapacha wako wapi. Pacha mwenyewe ni Mpundu, na wazazi wake wanabadilika jina papo hapo: NaMpundu na ShiMpundu. Lenshina nalo lina uzuri wake, maana ni Regina wa Kilatini, malkia, aliyepita katika ulimi wa Kibemba. Lakini mwaka 1964 wafuasi wa Lumpa na vikosi vya serikali walipigana, watu wengi wakafa na kanisa likapigwa marufuku. Anayelichagua leo awe na jibu tayari.

Ng'ambo ya ziwa, majina ya mababu yalirudi kwa amri. Mwaka 1972 Mobutu aliwataka raia wa Zaire waache majina ya Kikristo na kuchukua ya asili. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Tangu enzi hizo Mkongomani ana jina, jina la baada yake, na baada ya amri kulegea, jina la ubatizo likarudi mwishoni. Mzambia ana jina la mbele na la ukoo. Karani wa upande mmoja akisoma kadi ya upande wa pili, asijue lipi ni lipi, mzigo wa dagaa unangoja juani.

Halafu kuna tahajia. Sauti moja ya "ch" huandikwa Ch Zambia, lakini Kongo ina Tshisekedi kwa Tsh na ina Katumbi Chapwe kwa Ch. Vitabu vya Kibemba vinatumia c peke yake. Mwansa anaweza kuandikwa Muansa na mtu aliyesoma Kifaransa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na Zambia haimo. Zinakutana COMESA na SADC. Hata kwa utaratibu rahisi wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo, jina kwenye cheti cha asili ya bidhaa linapaswa kulingana na la kitambulisho. Ukituma pesa kwa simu, jina linalotokea ni la kadi, si BanaChanda.

Jina hili la kadi linaanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kitambulisho cha taifa Zambia hutolewa mtu akifika miaka 16, lakini tahajia mara nyingi imeshaamuliwa kliniki, siku muuguzi alipoandika kadi ya chanjo kwa jinsi alivyosikia. Mzazi anayekwenda Kabuta au Kashikishi akiwa na jina limeandikwa kwenye karatasi, herufi kwa herufi, kama lilivyo kwenye kadi ya bibi mwenyewe, anamwokolea mtoto safari nyingi za ofisini.

Uvuvi wa Mweru hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari. Nyavu zikiwa zimeanikwa na biashara imepungua, ndipo wazee wanapatikana nyumbani, na mama mjamzito ana nafasi ya kuuliza: huyu Bwalya wetu wa zamani alikuwa nani, na alikufa akidaiwa na nani?