Kitanda kwa Kujuana: Gharama za UVIKO-19 na Swali la Wajibu Nchini Thailand

Aprili 26, 2021, Waziri Mkuu wa Thailand, Prayut Chan-o-cha, alitozwa faini ya baht 6,000. Kosa lake lilikuwa dogo na la wazi: picha iliyowekwa katika ukurasa wake mwenyewe ilimwonyesha akiwa kikaoni bila barakoa, siku ile ile ambayo amri ya kuvaa barakoa ilianza kutumika jijini Bangkok. Kikao chenyewe kilihusu ununuzi wa chanjo. Gavana wa jiji alifika ofisini kwake pamoja na polisi, faini ikalipwa, picha ikaondolewa, na wasemaji wa serikali wakaeleza kwamba hakuna aliye juu ya sheria. Kima cha chini cha mshahara jijini humo mwaka ule kilikuwa baht 331 kwa siku. Kwa mfagiaji wa barabara, kosa la picha moja lingegharimu ujira wa siku kumi na nane.

Siku tatu kabla ya tukio hilo, kijana mmoja aliyefahamika sana katika mashindano ya michezo ya kompyuta alifariki dunia jijini humo kwa UVIKO-19. Kwa siku kadhaa alikuwa akipiga simu, mara maabara, mara hospitali, mara namba za dharura, akitafuta kupimwa kisha kutafutiwa kitanda, naye akieleza hali yake mtandaoni huku pumzi ikimwishia. Kitanda kilipopatikana, muda ulikuwa umekwisha. Kaka yake na wenzake wakaunda kundi la kujitolea la kuwachukua wagonjwa kwa magari na kuwafikisha penye vipimo na tiba. Wakaliita Sen Dai, yaani uzi wa kushonea. Katika Kithai neno "sen" lina maana ya mstari au uzi, lakini mitaani lina maana nyingine inayojulikana kwa kila mtu: mwenye "sen" ni mwenye mtu wake serikalini, jeshini au hospitalini. Sisi husema kujuana. Kundi lile lilijitangaza kuwa uzi wa wale wasiokuwa na uzi.

Msomaji asiyeijua nchi hiyo anaweza kudhani kwamba tunasimulia habari za taifa lisilokuwa na mfumo wa afya. La hasha. Thailand ni miongoni mwa nchi za kipato cha kati zinazotajwa mara nyingi zaidi duniani panapozungumzwa afya kwa wote, na sifa hiyo haikupatikana bure. Mwaka 2002 ilipitishwa Sheria ya Usalama wa Afya wa Taifa, ikaanzishwa huduma iliyopata umaarufu kwa jina la "baht 30": mwananchi asiyekuwa na bima nyingine alilipa kiasi hicho kidogo kwa kila ziara, na matibabu mengine yote yakalipwa na fedha za kodi. Serikali ya Thaksin Shinawatra ndiyo iliyoibeba ahadi hiyo kutoka kwenye kampeni za uchaguzi wa 2001, lakini fikra na hesabu zake zilikuwa za madaktari wa vijijini, na juu ya wote Dkt. Sanguan Nittayarammanond, aliyefariki dunia mwaka 2008. Kabla ya mpango huo, karibu thuluthi moja ya gharama zote za afya nchini ilitoka mifukoni mwa wagonjwa na jamaa zao. Miaka michache kabla ya janga, sehemu hiyo ilikuwa imeshuka hadi takriban moja ya kumi.

Hata hivyo, mfumo huo haukuwa mmoja. Ulikuwa mitatu, na mitatu ungali. Watumishi wa umma, pamoja na wenzi wao, wazazi wao na watoto wao, wana mfuko wao. Wafanyakazi wa sekta binafsi wana hifadhi ya jamii. Na watu wapatao milioni 47 waliobaki, wakulima, wachuuzi, wastaafu wasio na pensheni, wako katika mfuko wa wote. Fedha zinazotumika kwa kila mtu katika mfuko wa watumishi wa umma ni nyingi mara kadhaa kuliko zile za mfuko wa wote. Nje ya mifuko hiyo wako wahamiaji wasio na hati kutoka Myanmar, Kambodia na Laos, ambao ndio wanaomenya kamba na kujenga maghorofa.

Janga lilipoingia (na Thailand ndiyo nchi ya kwanza nje ya China kuthibitisha mgonjwa, Januari 13, 2020), serikali ilichukua uamuzi ambao mwandishi huyu anauona kuwa wa busara kuliko mengi yaliyofuata. UVIKO-19 ulihesabiwa kuwa dharura, hivyo mgonjwa angeweza kupokewa katika hospitali yoyote, ya umma au ya binafsi, bila kudaiwa chochote, na hospitali ingelipwa na mfuko unaomhusu kwa viwango vilivyowekwa. Katiba ya mwaka 2017, kifungu cha 47, ilikwisha kutamka kwamba kinga dhidi ya magonjwa hatari ya kuambukiza itolewe na dola bila malipo. Bunge na serikali zikakopa baht trilioni moja mwaka 2020, na bilioni 500 nyingine mwaka uliofuata. Katika trilioni ile ya kwanza, bilioni 45 ndizo zilizotengwa kwa ajili ya afya. Sehemu kubwa ilikuwa ya kuwafidia watu waliopoteza riziki na ya kuinua uchumi.

Basi kilichomwua kijana yule si bei. Hakuna aliyemwambia atoe fedha kwanza. Kilichomkwamisha ni mlango. Kanuni ya wakati huo iliitaka hospitali iliyompima mtu na kumkuta na virusi impatie pia kitanda. Kanuni hiyo ilikusudiwa kumlinda mgonjwa, lakini vitanda vilipojaa, hospitali zilizokosa nafasi ziliacha kupima. Asiyekuwa na cheti cha kipimo hakupokelewa, na cheti hakikupatikana pasipokuwa na kitanda. Huduma inapokuwa bure lakini haba, foleni hugeuka kuwa bei, na anayejua jina la daktari mkuu hulipa kidogo. Julai 2021, wakati kirusi aina ya Delta kilipopamba moto, watu walifia majumbani, na wengine miili yao ilionekana kando ya barabara za Bangkok kwa saa kadhaa kabla ya kuondolewa.

Sauti rasmi ya kipindi hicho ilikuwa sauti ya wajibu binafsi. "Kaa nyumbani, zuia vijidudu, kwa ajili ya taifa", ndivyo mabango yalivyosema. Msemaji wa kituo cha kupambana na janga, Dkt. Taweesilp Visanuyothin, ambaye ni tabibu wa magonjwa ya akili, alisikika kila siku mchana akiwahimiza watu wasishushe mikono kama mwanamasumbwi aliyechoka. Kwa muda mrefu wananchi walitii, tena kwa kiwango kilichostaajabisha dunia. Wahudumu wa afya wa kujitolea, zaidi ya milioni moja nchi nzima, walipita nyumba kwa nyumba wakipima joto na kuorodhesha wageni kwa posho ndogo ya mwezi. Katikati ya mwaka 2020 zilipita wiki nyingi bila mgonjwa hata mmoja aliyeambukizwa ndani ya nchi.

Lakini wajibu huo haukudaiwa kwa uzito mmoja. Machi 2020, Wathai waliokuwa wakifanya kazi Korea Kusini bila vibali waliporejea, waliitwa "mizuka midogo", wakasakwa na kutukanwa. Novemba mwaka huo, wasichana waliokuwa wakifanya kazi katika kumbi za starehe huko Tachileik, mpakani mwa Myanmar, walivuka kwa njia za panya wakiwa na virusi. Wakashtakiwa, na hasira ya umma ikawaangukia. Desemba maambukizi yalizuka katika soko kuu la kamba la Samut Sakhon. Wahamiaji wakazungushiwa senyenge pamoja na wagonjwa wao, na kiongozi wa nchi akanyooshea kidole uhamiaji haramu.

Sasa yatazame matukio mengine ya kipindi kile kile. Machi 6, 2020, pambano la ngumi lilifanyika katika uwanja wa Lumpinee, mali ya jeshi, ingawa serikali ilikuwa imekwisha kutaka mikusanyiko ya namna hiyo isitishwe. Watazamaji wakaondoka na virusi hadi mikoani. Julai 2020, wanajeshi wa anga wa Misri waliosamehewa karantini kwa heshima ya vyeo walilala hotelini Rayong, wakatembelea duka kubwa, na mmoja wao akakutwa na virusi. Mji mzima ukaingiwa na hofu, wageni wakafuta safari zao, na Waziri Mkuu akalazimika kuomba radhi. Aprili 2021 wimbi la tatu lilianzia katika vilabu vya usiku vya mtaa wa Thonglor, mahali pa matajiri na wakubwa. Waziri mmoja alipokutwa na virusi, alikana katakata kufika huko. Wiki chache baadaye virusi vilikuwa vimefika Klong Toei, mtaa wa vibanda ambamo familia nzima hulala chumba kimoja, na mwishoni mwa Juni kambi za wajenzi zilifungwa kwa mwezi mmoja zikilindwa na askari.

Kwenye chanjo hali ilikuwa hiyo hiyo, ila hapa bei ilirudi waziwazi. Wengi walipewa bure Sinovac na AstraZeneca, kwa kuchelewa. Aliyeweza kulipa alijiandikisha Moderna katika hospitali binafsi kwa baht 1,650 kwa dozi moja. Wizara ya afya ilieleza Julai 2021 kwamba kati ya wahudumu wa afya 677,348 waliopata dozi mbili za Sinovac, 618 walikuwa wameambukizwa kuanzia Aprili, na muuguzi mmoja alifariki. Mwishoni mwa mwezi huo zikafika dozi milioni 1.5 za Pfizer kutoka Marekani, na mara moja madaktari na wauguzi wakaanza kuuliza hadharani iwapo zitawafikia wao au zitapotelea kwa wakubwa. Swali lenyewe linaonyesha imani ilikuwa imefikia wapi.

Kuna tawi moja la mkasa huu ambalo halizungumzwi sana katika majarida ya kitabibu, nalo ni bima. Makampuni ya Kithai yaliuza mamilioni ya bima zilizoitwa "ukikutwa, unalipwa, imekwisha": mteja alitoa mamia ya baht, na akikutwa na virusi alipokea baht 50,000 au 100,000 taslimu. Kwa aliyetegemea kibarua, hiyo haikuwa fedha ya matibabu. Ilikuwa chakula cha miezi ya kukaa ndani. Delta na Omicron zilipofika, makampuni yalielemewa. Manne kati yao yalinyang'anywa leseni kati ya Oktoba 2021 na Aprili 2022, na wadai wakaachwa mikononi mwa mfuko wa dhamana. Ziliripotiwa pia habari za vijana waliojiambukiza kwa makusudi. Rahisi kuwalaumu. Mimi hujiuliza ni umaskini wa namna gani unaomfanya mtu aone homa kuwa mtaji.

Je, mzembe ajilipie? Singapore ilijibu ndiyo kwa sehemu: tangu Desemba 8, 2021, aliyekataa chanjo kwa hiari alibebeshwa gharama za matibabu yake. Hoja hiyo ina mantiki, wala haifai kubezwa. Lakini ili itende haki yahitaji mwamuzi anayeuona uzembe wa jenerali kama anavyouona wa mpishi wa klabu. Thailand haikuwa na mwamuzi huyo. Ilikuwa na faini ya baht 6,000 na senyenge ya Samut Sakhon. Kwa sababu hiyo nadhani ilifanya vyema kuiacha ankara ya hospitali nje ya hesabu ya lawama, na kuyaachia makosa mahakama. Sisi Watanzania, tuliopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, tutakutana na swali hilo hilo siku moja, pengine kwa mvutaji sigara au mwendesha bodaboda asiyevaa kofia ngumu.

Machi 2022 wagonjwa wenye dalili nyepesi walihamishiwa huduma ya nje iliyopewa jina la mzaha lililofanana na la bima zile: "ukikutwa, unapewa, imekwisha". Walichopewa ni vidonge, wakarudi nyumbani. Oktoba 1 mwaka huo UVIKO-19 uliondolewa katika orodha ya magonjwa hatari ya kuambukiza. Mgonjwa anayekuja leo huulizwa kwanza yumo katika mfuko upi: wa watumishi wa umma, wa hifadhi ya jamii, au wa wote.