Kitunguu saumu hakizuii moyo kupanuka

"Dokta, nikitafuna punje tatu za kitunguu saumu kila asubuhi, moyo wangu si utakuwa salama?" Swali hili huletwa kliniki na walimu, madereva, wafanyabiashara, na siku nyingine na muuguzi aliyevaa sare. Mara nyingi anayeuliza ana presha ya 170 kwa 100, vidonge aliacha kitambo, na ndani ya mkoba ana chupa ya saumu iliyosagwa pamoja na ndimu, tangawizi na asali. Jibu ni hapana. Kwa kuwa "hapana" tupu haijamtosha mtu hadi leo, nitaeleza.

Imani yenyewe hujengwa hivi: moyo hushindwa kufanya kazi kwa sababu mishipa imeziba kwa mafuta, saumu huyeyusha mafuta, basi mla saumu amejikinga. Kosa linaanzia kwenye kauli ya kwanza. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao THESUS-HF, wa wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi katika hospitali 12 za nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 tu, umri wa mtu ambaye bado ana watoto shuleni. Ambao tatizo lao lilitokana na mishipa ya moyo kuziba hawakufika wanane katika kila 100. Wa presha ya kupanda walikuwa 45. Kwa hiyo hata kama saumu ingeyeyusha mafuta yote mwilini, na haiyeyushi, wengi wa wagonjwa wale wangelazwa vilevile.

Presha haina haraka. Moyo unaosukuma damu dhidi ya mgandamizo mkubwa hujaza misuli, kama mkono wa kuli wa bandarini, ila mkono wa kuli hupumzika jioni. Ukuta wa moyo hunenepa na kukakamaa. Kwa wengine baadaye hulegea na kutanuka. Damu isiposonga mbele ipasavyo, maji hubaki nyuma: miguu inavimba, pumzi inakata ukipanda ngazi, usiku unalalia mito mitatu. Kufikia hapo presha imeshakaa mwilini miaka mingi bila kuuma popote. Huko Framingham, Marekani, ambako wakazi wa mji wamefuatiliwa tangu 1948, uchambuzi uliotolewa mwaka 1996 ulionyesha kwamba kati ya kila 100 waliopata ugonjwa huu, 91 walikuwa na presha kabla.

Hapo mwenye chupa hubadili hoja: "Lakini saumu si inashusha presha?" Inashusha, kidogo. Majaribio yaliyoonyesha hivyo yalitumia zaidi vidonge vya saumu vilivyopimwa dozi, na presha ilishuka kwa vipimo vichache tu. Mwenye 170 anahitaji kushuka 30 au 40. Punje ya sokoni haina dozi inayojulikana: nguvu yake hutegemea mbegu, namna ilivyohifadhiwa, na kama umeiponda mbichi au umeichemsha, maana moto huharibu sehemu kubwa ya kile tunachokitafuta.

"Mbona nilipima baada ya wiki ikawa imeshuka?" Presha hupanda na kushuka siku nzima. Mara ya kwanza ulipimwa ukiwa umetoka kugombania daladala. Mara ya pili ulikuwa umetulia, na wiki nzima hukugusa mishikaki ya chumvi kwa woga. Saumu ikapewa sifa isiyo yake. Na aliyewekewa vali ya bandia anayetumia dawa ya waferini, akizidisha saumu anajiongezea hatari ya kutokwa damu. Hilo muuza chupa hakuambii.

Nyuma ya swali hili kuna hofu nyingine: kwamba dawa za presha huharibu figo, na ukizianza huziachi. Kinachoharibu figo ni presha yenyewe. Kuhusu kutoziacha, ni kweli wengi huzitumia maisha yote, kwa sababu ugonjwa nao hauondoki. Katika utafiti wa HYVET wa mwaka 2008, watu wa miaka 80 na zaidi walipewa vidonge vya kawaida vya presha. Waliopata moyo kushindwa kufanya kazi walipungua kwa asilimia 64 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Chupa iliyotoa matokeo ya aina hiyo sijaiona.

Mengine nayapitia mbiombio. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ya kwenye mchuzi, mkate na chipsi. Sukari, unene, sigara na pombe vyote vimo, iwe bia au gongo. Diklofenaki za kila siku kwa ajili ya mgongo hupandisha presha na kuzuia maji mwilini, mwambie anayekutibu. Mtoto anayeumwa koo na homa mara kwa mara, kisha viungo vinamvimba, apelekwe hospitali, maana homa hiyo huharibu vali za moyo. Akiandikiwa sindano za penisilini za kila mwezi asiziruke. Mama aliyejifungua ndani ya miezi mitano anayehema akilala chali asiambiwe ni uchovu wa uzazi. Aliyefika miaka 30 apime presha hata kama haumwi kitu. Saumu iwekwe kwenye pilau, ni nzuri huko.

Na wewe uliyeacha dawa, rudi kliniki wiki hii. Beba vidonge vilivyobaki, hata kama umevichanganya kwenye mfuko mmoja, na chupa pia njoo nayo. Hatutakufokea; tunataka kupima presha yako na kuanza upya kabla miguu haijavimba.